Nafasi ya Zakhari Mlangoni

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, Sabrin alipanda darini akiwa amebeba sinia za udongo, akazipanga moja moja, na juu ya kila sinia akaweka donge la unga uliokandwa. Jua lilipopanda, madonge yaliumuka polepole kama mashavu ya mtu anayejizuia kucheka. Huo ndio mkate wetu wa jua. Hauingii tanurini mpaka jua liuruhusu.

Kazi hiyo alifundishwa na bibi yake, Hajat Nabawiya, ambaye alikuwa amefariki majira ya baridi. Arobaini yake ilikuwa inakaribia, na nyumba ilikuwa bado imejikunja kwa msiba. Redio ilifunikwa kitambaa. Mtambo wa kufumia wa baba yake, Rifai, ulinyamaza. Shangazi Inshirah, dada yake baba, alikuwa amekuja kukaa nao mpaka arobaini ipite.

Sabrin aliendelea kulala katika chumba cha mlangoni, chumba alichokuwa akilala na Bibi tangu utoto wake. Mto wa Bibi ulikuwa bado unanuka uwatu. Usiku aliulaza uso juu yake, na moyo wake ukatulia. Jambo moja tu lilimtia hofu. Alijua kwamba baada ya arobaini watu wazima huanza kuzungumza juu ya nani akae wapi na nani apate nini.

Siku chache kabla ya arobaini, aliporudi kutoka shule, alikuta mwanamume mgeni ameketi barazani analia. Alikuwa mtu mnene mwenye mvi, na mikono yake ilikuwa na weusi wa mafuta ya mashine ambao maji hayauondoi. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia kulikuwa na msalaba mdogo wa kijani uliochorwa kwa sindano, kama walivyo nao Wakristo wengi wa mji wetu. Hilo halikumshangaza Sabrin. Mtaa wa kanisani ulikuwa ng'ambo tu ya soko, na nusu ya darasa lao walikuwa na msalaba kama huo. Kilichomshangaza ni kilichofuata. Mgeni alifuta macho, akainuka, akaingia ndani bila kupiga hodi, bila hata kukohoa kama wanaume wanavyokohoa ili wanawake wapate kujisitiri.

Mama yake Sabrin, aliyekuwa akipepeta mchele, alivuta mtandio upesi akafunika nywele. Lakini Shangazi Inshirah hakufunika kitu. Alikuwa kichwa wazi, nywele zimetoka kuoshwa, maji yanadondoka mabegani. Alimtazama yule mgeni, akasema, "Umechelewa, Zakhari," kisha akamwangukia kifuani akalia kwa sauti.

Sabrin alisimama na mkoba wake mgongoni kama aliyepigwa msumari. Shangazi yake alikuwa mwanamke wa kujistahi. Hata muuza mafuta ya taa hakuwahi kuuona unywele wake mmoja. Na huyu hakuwa ndugu yao. Ndugu yao angewezaje kuwa na msalaba mkononi?

Jioni alimfuata shangazi yake jikoni, akamuuliza yule bwana ni nani.

"Zakhari? Ni ndugu yetu," alijibu shangazi huku anakoroga chungu. "Msalimie vizuri, mwite ami."

Jibu hilo halikumtosheleza. Mjini kwetu kila mtu ni ndugu. Muuza maharage humwita mteja ndugu, na polisi humwita ndugu mtu anayempeleka kituoni. Sabrin alitaka kuuliza tena, lakini shangazi alikuwa ameanza kufuta macho kwa mkono wa kanzu, na tangu msiba ulipoingia watoto walikuwa wameambiwa wasisumbue kwa maswali. Tangu hapo akaanza kumchunguza yule mgeni.

Zakhari alilala kwa jamaa zake mtaa wa kanisani, lakini mchana kutwa alishinda kwao. Siku ya kwanza mama alipakua wali na mkate uliorowekwa mchuzi, nyama juu yake, siagi inang'aa. Zakhari aliomba radhi, akala kitunguu na mkate mkavu kidogo alivyokuja navyo mwenyewe, akanywa chai ya rangi. Siku ya pili vilevile. Jambo hilo lilimkaa Sabrin moyoni vibaya. Bibi mwenyewe alikuwa akisema kwamba mtu akila mkate na chumvi yako hawezi tena kukudhuru, maana chumvi itamshika kooni. Basi mtu asiyetaka kula chakula chako amekusudia nini?

Kisha ikaja habari ya kamba. Sabrin alikuwa darini anageuza sinia aliposikia sauti chini. Zakhari alikuwa ameshika ncha moja ya kamba kwenye kizingiti cha mlango, na baba ameshika ncha ya pili. Walipima mbele ya nyumba, wakapima ukuta wa chumba cha mlangoni, wakapima tena. Zakhari alitikisa kichwa. Alisema hapo hapatoshi, itabidi waende mpaka ukutani kabisa na benchi la baraza liondolewe. Baba akakubali bila neno, kana kwamba nyumba ni ya Zakhari na yeye ni kibarua.

Kesho yake, njiani kwenda shule, Sabrin alimweleza yote rafiki yake Umaima. Umaima alikuwa msichana mzuri wa roho, lakini ukimpa cheche atakurudishia moto.

"Shoga, amka," alisema Umaima. "Alipokufa babu yake ami yangu Dahi, alikuja mtu akalia kuliko wenye msiba. Akalia mpaka akanyunyiziwa maji ya waridi. Arobaini ilipopita akadai kisima."

"Akakipata?"

"Nusu. Ndiyo maana mpaka leo ami yangu ana nusu kisima. Msiba huleta nzi na warithi. Usiseme sikukwambia."

Siku nzima Sabrin hakusikia somo hata moja. Aliporudi nyumbani alimkuta Zakhari amesimama ndani ya chumba cha mlangoni, peke yake, mkono wake umewekwa juu ya mto wa Bibi. Zakhari aligeuka, akatabasamu, akataka kusema kitu. Sabrin alipita mbele yake bila salamu, akauchukua mto, akaukumbatia, akatoka nao.

Usiku wa kuamkia arobaini ndipo aliposikia maneno yaliyomaliza shaka yake, au ndivyo alivyodhani. Alikuwa amelala, na baba na shangazi walikuwa wameketi barazani, nyuma ya dirisha lake.

"Nafasi ya Zakhari ni palepale mlangoni, baada yako," alisema shangazi. "Mama aliusia hivyo."

"Nani amebisha?" alijibu baba. "Kesho atapata nafasi yake. Najua watu watasema. Waseme."

Sabrin alijifunika shuka mpaka kichwani. Mlangoni. Chumba cha mlangoni. Kumbe hata Bibi alikuwa amekubali, au amedanganywa. Kesho chumba hicho kingekuwa cha mtu asiyekula chakula chao, na yeye angelazwa jikoni karibu na magunia. Lakini chumba hakikumuuma sana. Alichoogopa ni kwamba harufu ya uwatu ingetoka humo na isirudi tena.

Asubuhi ya arobaini nyumba ilijaa watu na moshi. Turubai lilikuwa linasimamishwa nje kwa ajili ya wanaume. Shangazi Inshirah, mikono imejaa unga, alimwita Sabrin akamwambia aende mbio mtaa wa kanisani, amwambie ami yake Zakhari kwamba wasomaji wa Kurani wanaanza baada ya alasiri, na kwamba baba anataka aje mapema.

Sabrin alitembea. Hakukimbia. Alipovuka soko, kile atakachosema kilikuwa kimeshajipanga mdomoni mwake.

Zakhari alikuwa amenyolewa ndevu. Kanzu nyeusi mpya ilining'inia kwenye msumari, na yeye alikuwa ameinama anapiga viatu rangi. Alipomwona Sabrin uso wake ulichangamka. "Rifai amekutuma? Anasemaje?"

"Baba anasema," Sabrin alijibu, akitazama viatu, "leo ni watu wa nyumbani tu. Usijisumbue kuja."

Alitegemea mtu huyo angekasirika. Mtu aliyefichuliwa hukasirika. Lakini Zakhari alibaki ameshika brashi, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike.

"Watu wa nyumbani tu," alirudia taratibu. "Sawa, mwanangu. Mwambie baba yako nimesikia."

Kisha aliiondoa kanzu kwenye msumari, akaanza kuikunja. Sabrin alirudi nyumbani. Shangazi alipomuuliza kama ujumbe umefika, alisema umefika.

Baada ya alasiri wasomaji walianza. Wanawake walikuwa ndani, katika ukumbi, na Sabrin alizungusha sinia ya kahawa isiyo na sukari, kama inavyopasa msibani. Dirishani aliona turubai. Lilitandazwa kutoka kizingitini mpaka ukutani kabisa, na mahali pa benchi la baraza palikuwa wazi ili watu wapite. Alilitazama sana turubai lile. Kamba ilipima hili tu? Alifukuza wazo hilo kama nzi.

Wafiwa walisimama mstari mlangoni kupokea mikono ya waliokuja. Baba alikuwa wa kwanza. Baada yake palikuwa na pengo, upana wa mtu mmoja, kisha akafuata mume wa Shangazi Inshirah, Ami Shaaban, na jamaa wengine. Kila aliyekuja alimpa baba mkono, akafika penye pengo, akasita, akaendelea. Ami Shaaban alijaribu kusogea alizibe. Baba alinyoosha mkono akamzuia.

Ndani, wanawake walikuwa wameanza kumkumbuka Bibi, na vilio vilianza kuchanganyika na vicheko, kama ilivyo kawaida arobaini inapofika. Mmoja alisimulia jinsi ngamia wa muuza kuni alivyokula madonge ya Bibi, na Bibi akamfuata mpaka sokoni akimtukana ngamia badala ya mwenye ngamia, kwa hoja kwamba katika wale wawili ni ngamia tu mwenye akili ya kuelewa. Mwingine alikumbuka kwamba Bibi hakumruhusu mtu atoke kwake mikono mitupu. Hata mwizi wa kuku, alipokamatwa, aliondoka na mkate kwapani.

Kisha akaanza Bi Tafida, jirani wa miaka yote, mwanamke mzee aliyebaki na meno machache na ulimi mzima.

"Mnakumbuka tulipoletewa televisheni nyumbani kwangu? Nabawiya alikuja kuitazama. Akatokea yule kijana msomaji wa habari. Nabawiya akavuta mtandio mpaka puani. Namwambia, mama wee, huyo yuko Kairo, hakuoni. Ananijibu, 'Kama mimi namwona, yeye kinamzuia nini?' Tangu siku hiyo hakutazama habari ila amejifunika, na akiaga anamwambia usiku mwema."

Wanawake walicheka mpaka wakafutana machozi. Bi Tafida aliendelea, "Alijifunika kwa mtu wa kwenye kioo. Lakini Zakhari angeweza kuingia akamkuta anasukwa nywele, wala hakushtuka."

Sabrin alisimama na sinia mikononi. Swali alilolificha siku zote hizo lilimtoka lenyewe.

"Kwa nini, Bi Tafida? Kwa nini Zakhari?"

Wanawake walimtazama, kisha wakamtazama Shangazi Inshirah.

"Hukumwambia mtoto?" Bi Tafida alimuuliza shangazi.

"Nilimwambia ni ndugu yetu," alisema shangazi, naye ameshangaa.

Bi Tafida alimvuta Sabrin akamketisha karibu naye. Akamsimulia kwamba zamani, katika nyumba ya upande wa pili wa uchochoro, aliishi mfumaji Mkristo, mwenzake babu kazini. Mkewe alifariki siku aliyojifungua. Mtoto alilia mtaa mzima ukakosa usingizi. Walimpa maziwa ya mbuzi, akayatapika. Wakati huo Bibi alikuwa na Inshirah kifuani.

"Akavuka uchochoro na mtandio umekaa upande," alisema Bi Tafida. "Akamwambia yule baba, 'Nipe huyo mtoto. Mungu hakunipa ziwa moja tu.' Akawanyonyesha wote wawili mpaka wakaacha. Inshirah kulia, Zakhari kushoto. Na huyu shangazi yako alikuwa anampiga mwenzake mateke."

"Alikuwa mlafi," alisema Shangazi Inshirah, akilia na kucheka.

"Ni ndugu wa kunyonya, binti yangu. Kwetu sisi aliyenyonya ziwa moja nawe ni ndugu yako. Hawezi kumwoa shangazi yako, na shangazi yako hana haja ya kujifunika mbele yake. Mama yako hakunyonya naye, ndiyo maana hujifunika. Kurithi harithi, hata kijiko. Lakini kufiwa amefiwa. Mazishi hakuyadiriki, telegramu ilimkuta Libya kazini, Nabawiya ameshazikwa. Amesafiri njia yote hiyo ili leo walau asimame kwenye mstari, mlangoni, baada ya baba yako. Nashangaa hajafika." Kisha akageukia jikoni. "Na nyinyi, mmempikia maharage ya mafuta? Wakristo wako kwenye saumu yao kuu, nyama na siagi haviguswi."

Sabrin hakusikia walichojibu jikoni. Alikuwa akiona mambo yale yale aliyoyaona siku zote, lakini sasa yamegeuka upande wa pili: nywele zenye maji, sahani iliyorudi na nyama, kamba kizingitini, mkono juu ya mto. Bibi alikuwa akisema ana watoto watatu. Sabrin aliwajua wawili, na yule wa tatu alidhani ni marehemu, hakuuliza.

Aliiweka sinia chini, akamshika shangazi yake mkono, akamvuta mpaka kwenye tanuri la uani. Hapo akamwambia. Aliongea haraka, bila kujitetea, maana alijua akisimama katikati hataweza kumaliza.

Shangazi Inshirah alimtazama usoni. Sabrin alitamani apigwe kofi ili yaishe.

"Nenda ukamwambie baba yako," alisema shangazi hatimaye.

"Shangazi, nenda wewe. Kuna wanaume wengi."

"Uongo uliupeleka mwenyewe. Na huu ukweli utaupeleka mwenyewe."

Sabrin alitoka mlangoni mbele ya macho ya mji mzima. Sauti ya msomaji ilikuwa juu, wazee wamekaa safu kwa safu. Alimvuta baba upindo wa kanzu, baba akainama, naye akamnong'oneza. Aliona shingo ya baba yake inakuwa ngumu. Kisha baba akafanya jambo ambalo mfiwa hafanyi. Alimwambia Ami Shaaban, "Shika mahali pangu," akaacha mstari, akamshika Sabrin mkono, wakatoka chini ya turubai watu wakiwatazama.

Mtaa wa kanisani waliambiwa Zakhari amekwenda kivukoni, maana kituo cha treni kiko ng'ambo ya mto. Baba alitembea kwa hatua ndefu, na Sabrin alikimbia kando yake.

Kivuko kilikuwa bado ng'ambo, kinapakia punda na magunia. Zakhari alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, mgongo ameupa mto, uso ameuelekeza mjini. Alipowaona alisimama.

"Umeniacha nimesimama na pengo ubavuni," alisema baba.

"Ulisema ni watu wa nyumbani tu."

Baba aliachia mkono wa Sabrin. Sabrin akaelewa kwamba sasa ni zamu yake.

"Baba hakusema," alisema. "Ni mimi niliyesema. Shangazi alinituma nikuite mapema. Nilidhani umekuja kuchukua chumba cha Bibi. Nisamehe, ami."

Zakhari alikaa tena juu ya sanduku, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Unajua nimewaza nini hapa?" alisema, naye alikuwa akimtazama Rifai, si Sabrin. "Nimejiambia, miaka yote hii nimekaa mbali, labda ni mimi tu niliyeendelea kujihesabu wa nyumbani. Labda Mama alipoondoka na mimi nikawa nimetoka. Nimekaa hapa nakubali, Rifai. Nilikuwa nimeshakaribia kukubali."

Sabrin alianza kulia. Mpaka hapo alikuwa akijua kwamba amesema uongo. Sasa alijua uongo huo umefanya nini ndani ya mtu.

"Inuka," alisema baba. "Inshirah atanila nikirudi bila wewe. Vaa kanzu yako."

Aliivaa palepale kivukoni, juu ya nguo za safari, mikunjo yake ikiwa bado inaonekana. Walipofika turubaini, minong'ono ilipita kama upepo kwenye mahindi. Wapo waliokuwa tayari kusema. Lakini sheikh msomaji, aliyekuwa amepumzika kati ya sura na sura, aliinuka kitini, akaja mpaka mlangoni, akampa Zakhari mkono kabla ya kumpa Rifai. "Mungu akupe subira, mwana wa Nabawiya," alisema. Baada ya hapo mkono ulifuata mkono, na hakuna aliyesita tena.

Baada ya sala ya isha wageni walipotawanyika, jamaa walibaki ukumbini, na maharage ya mafuta yakaletwa. Zakhari alikula mpaka akafuta sahani kwa mkate. Kisha Bi Tafida akamtaka naye atoe lake, maana kila mtu alikwishasema.

Zakhari akasimulia kwamba alipokuwa mtoto, Ramadhani moja Inshirah alifunga kwa mara ya kwanza, naye akaapa atafunga pamoja naye ili asiwe peke yake. Mchana njaa ikamzidi. Bibi akamkuta nyuma ya tanuri, mashavu yamejaa tende.

"Alinichapa kwa mti wa kutolea mikate," alisema. "Nikamwambia, Mama, hii si saumu yangu, kwa nini unanipiga? Akasema, 'Kula ni haki yako, mwanangu, na ungeniomba ningekupa. Nakupiga kwa kumwacha dada yako aamini kisichokuwapo.'"

Shangazi Inshirah aligeuka. "Ulikula tende? Mimi nilikufa na kiu siku nzima kwa sababu yako!"

Ukumbi mzima ukacheka, hata Sabrin, ingawa aliona aibu kwa kucheka. Baba alimwita akae karibu naye. Hakupandisha sauti.

"Nimekusikiliza, na ulivyokiri umekiri vizuri," alisema. "Lakini sikiliza nawe. Hukukosea kuona. Kila ulichokiona kilikuwapo. Ulikosea kudhani kwamba jicho limeona yote. Jicho huona nusu, mwanangu. Nusu iliyobaki huulizwa. Kuuliza si ujinga, na asiyeuliza hujijibu mwenyewe, na anayejijibu mwenyewe kwa hofu hujijibu ubaya. Halafu ukauvika ubaya huo nguo ya uongo, ukautuma mlangoni kwa mtu aliyefiwa. Ungeniuliza, ningekwambia kwamba chumba ni chako, wala hakuna aliyekitaka."

"Nitauliza, baba," alisema Sabrin.

"Na sisi wakubwa tutajibu," alisema Shangazi Inshirah. "Neno moja halikutosha. Hilo ni kosa letu."

Zakhari alinyoosha mguu wake, akamwangalia Sabrin kwa jicho la pembeni.

"Sasa kuna jambo la mimi na wewe," alisema. "Mimi nina habari za Mama za mwanzo. Za mwisho sina, nilikuwa mbali. Wewe ulilala naye. Nipe moja."

Sabrin alifikiri. Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari hii.

Alisema kwamba mwishoni macho ya Bibi yaliisha. Kila Sabrin alipoingia, Bibi alimshika kiganja, akakinusa, akasema alikotoka. Umeshika kitunguu. Umepita kwa Bi Tafida, amekaanga samaki. Umemshika mbuzi, nenda kanawe. Hakukosea. Na asubuhi ya mwisho kabisa alikinusa kwa muda mrefu, mpaka Sabrin akadhani amelala. Kisha akasema, "Wino. Umeshika kalamu. Vizuri sana," na hakusema neno lingine.

Hakuna aliyecheka wala kulia. Zakhari alikitazama kiganja chake mwenyewe, kile chenye weusi wa mafuta ya mashine za Libya. Kisha akamnyooshea Sabrin.

"Na hiki angesemaje?"

Sabrin alikishika kwa mikono miwili, akainama, akanusa.

"Angesema umetoka mbali," alijibu. "Halafu angesema, nenda kanawe, mwanangu, urudi ulale. Hapa ni kwenu."